MAZUNGUMZO YA JUMA: Pikipiki Kuukuu ya Safari na Mwenyewe

Wasomaji kadha wameniuliza kama mtu asiye fundi aweza kuitunza pikipiki kubwa ya zamani nyumbani kwake, au kama hapana budi kuipeleka karakana kila inapokohoa. Jibu langu ni kwamba aweza, tena yampasa. Lakini ziko kazi za mwenyewe na ziko kazi za fundi, na mwenye busara ni yule aujuaye mpaka uliopo kati ya hizo mbili.

Nisemapo pikipiki ya safari sisemi hizi ndogo za silinda moja zibebazo abiria mijini na vijijini. Hizo kila fundi wa njia panda azijua kama ajuavyo kiganja chake, na vipuri vyake vyauzwa hata katika maduka ya sukari na chumvi. Nasema zile mashine nzito zilizotengenezwa ili mtu na mizigo yake wapate kwenda mbali kwa siku nyingi. Na ili maneno yangu yasitawanyike kama kuku waliomwagiwa mtama, nitashika aina moja tu kuwa mfano: BMW ya Kijerumani yenye silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, zikipozwa na upepo wa njiani.

Mashine hii ina ukoo mrefu. Ya kwanza, R32, ilitolewa mwaka 1923, na aliyeichora ni mhandisi Max Friz. Tangu siku hiyo haikutumia cheni, bali shafti ya chuma ipelekayo nguvu gurudumu la nyuma. Mwaka 1969 kazi ya kuziunda ilianza kufanywa Berlin, katika mtaa wa Spandau. Mwaka 1976 ikaja R100RS, yenye ngao kubwa ya kumkinga mpandaji na upepo. Mwaka 1980 ikaja R80G/S, ya kwenda lami na vumbi, nayo mwaka 1981 ikashinda mashindano ya Paris hadi Dakar ikiendeshwa na Hubert Auriol. Ukoo huu wa injini za kupozwa kwa hewa ulikoma kutengenezwa katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa miongoni mwao imekwisha kuwa mtu mzima.

KWA NINI MWENYEWE AJIFUNZE

Watu husema, “Nina fedha, fundi yupo, mimi nishike grisi ya nini?” Neno hili lina haki yake, lakini lasahau jambo moja: mashine ya safari huharibika safarini. Mwingereza mmoja mwandishi wa magazeti, Ted Simon, aliondoka London mwaka 1973 kwa Triumph ya saizi 500, akapita Misri, Sudan, Ethiopia, na kwetu Kenya, akaizunguka dunia kwa miaka minne. Hakuwa fundi alipoondoka. Njia ndiyo iliyomfundisha, maana nyikani hakuna wa kumwita. Mwaka 2001, akiwa na umri wa karibu miaka 70, aliondoka tena, safari hii kwa BMW R80GS.

Sababu ya pili ni kwamba mafundi wazijuao mashine hizi wamekuwa wachache. Kijana aliyejifunza kazi kwa pikipiki za cheni aweza kuwa hodari sana, lakini mpe injini ya silinda zilizolala, naye atapapasa. Hana kosa, hakuna aliyemwonyesha. Basi mwenyewe akijua mashine yake, wawili hao husaidiana. Asipojua, humwachia kijana abahatishe kwa fedha za mwenye mali.

Nitatoa mfano. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana BMW ya mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa mwaka mzima betri yake ilikuwa ikifa. Karakana aliyoitegemea, ambayo sitaitaja, ilimwuzia betri mpya, ikafa. Ikamwuzia ya pili, na ya tatu. Mwishowe wakamwambia kwamba altaneta imekwisha, na kwamba bei ya nyingine yashinda thamani ya pikipiki yenyewe. Wanawe, kwa kumhurumia baba yao, wakazungumza na mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo. Bei ikapatana. Mzee akaomba siku tatu tu, akaketi na kitabu cha mashine hiyo. Siku ya pili aliona jambo ambalo kila mtu alilipita: alipofungua ufunguo, taa ndogo nyekundu ya kuonya juu ya umeme haikuwaka. Globu yake ilikuwa imeungua.

Msomaji atauliza, globu ndogo vile yahusianaje na betri? Katika mashine hizi umeme wa kwanza wa kuiamsha altaneta hutoka kwenye betri na kupita ndani ya globu ile ile. Globu ikifa, altaneta hukaa kama mtu ambaye hakuamshwa alfajiri. Injini yazunguka, lakini umeme hautengenezwi, na betri yanywewa mpaka yakauka. Mzee alinunua globu kwa bei ya chai na mandazi. Pikipiki yake yatembea hata leo, na mnunuzi wa chuma alirudi na mizani yake mitupu.

Kwa hiyo, jaribio la kwanza halihitaji spana yo yote. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa nyekundu. Yapasa iwake. Washa injini, uongeze mwendo kidogo, yapasa izime. Ukiwa na mita ya umeme, betri iliyojaa na kupumzika hupima karibu volti 12.6. Injini ikizunguka kwa mwendo wa safari, mita yapasa kupanda ipite 13.5, ielekee 14. Isipopanda, betri haijazwi, na kununua nyingine ni kutia maji katika pakacha.

KAZI YA VALI

Kazi ya pili ambayo kila mwenyewe aweza kuifanya ni kupima nafasi ya vali. Katika pikipiki nyingi kazi hii ni taabu, maana vali zimefichwa chini ya tangi. Lakini katika BMW hii silinda zimetokeza nje kama masikio ya ndovu, na mtu huifanya akiwa ameketi juu ya kigoda.

Nafasi ninayosema ni ule uwazi mdogo kati ya vali na mkono wa chuma unaoisukuma, ambao mafundi huuita roka. Chuma kikipata moto hutanuka. Pasipo uwazi, vali haitafunga sawasawa. Moto wa petroli utapenya na kuila kingo zake, na siku moja injini itapoteza nguvu mlimani. Watu wengi huogopa injini inayogonga-gonga. Vali inayogonga kidogo haina neno. Iliyonyamaza kabisa ndiyo ya kuogopwa.

Fanya hivi. Pikipiki ilale usiku kucha ili injini iwe baridi kabisa. Isimamishe juu ya stendi yake ya katikati, uondoe plagi zote mbili, na uitie gia ya juu. Kinga karai chini ya kifuniko cha silinda, maana oili kidogo itamwagika, kisha fungua kifuniko. Upande wa kushoto wa injini pana tundu dogo lenye kizibo cha mpira, kiondoe, uchungulie. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole, kwa upande wa kwenda mbele, mpaka herufi OT zionekane katikati ya tundu. Sasa pistoni zote mbili zimefika mwisho wa safari yake ya nje, lakini ni silinda moja tu ambayo vali zake zote zimefungwa. Itambue kwa vidole: roka zake mbili zacheza kidogo ukizitikisa. Hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza.

Chukua vipande vyembamba vya kupimia, yaani filageji. Kwa mashine nyingi za miaka ya 1980, vali ya kuingiza, iliyo nyuma upande wa kabureta, hutaka milimeta 0.10, na vali ya kutoa moshi, iliyo mbele upande wa ekzosi, hutaka 0.20. Zile za mwanzo wa miaka ya 1970 hutaka 0.15 kwa ya kuingiza. Soma kitabu cha mashine yako, usifuate maneno ya kijiweni. Kipande kipite kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka kati ya kurasa za kitabu. Kisipopita, au kikipita ovyo, legeza nati, geuza skrubu kidogo, ishike isizunguke, ukaze nati, kisha pima tena. Kwa maana kukaza nati huweza kubadili kipimo. Ukimaliza, zungusha injini duara moja kamili mpaka OT irudi, ufanye vivyo hivyo upande wa pili.

Andika vipimo katika daftari pamoja na tarehe na kilometa. Mimi ni karani, na huenda nikadhaniwa napenda daftari kwa sababu ya kazi yangu. Lakini daftari hili husema jambo ambalo sikio halisikii. Uwazi wa vali ya kutoa moshi ukipungua upesi kila upimapo, jua kwamba vali yazama katika kiti chake, na kazi ya fundi wa silinda imekaribia.

Hapa petroli nayo ina neno. Zamani petroli ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililainisha kidogo mgongano wa vali na viti vyake. Nchi za Afrika kusini ya Sahara, na yetu miongoni mwao, ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Na tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lililo hapa Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha duniani kote, baada ya Algeria kuiacha mwaka huo. Asiwepo wa kuililia. Risasi ile ilidhuru akili za watoto, na akili ya mtoto mmoja ni bora kuliko vali za pikipiki zote. Lakini mwenye injini ya zamani yampasa apime vali zake kwa bidii zaidi.

KABURETA NA MWINUKO WA NCHI

Kabureta za mashine hizi ni mbili, aina ya Bing, moja kwa kila silinda. Bakuli lake la chini hushikwa na waya tu; laweza kufunguliwa kwa vidole. Funga petroli, shusha bakuli taratibu bila kumwaga, ulitazame juani. Ukiona matone yanayoviringika chini kama shanga, hayo ni maji. Ukiona vumbi jekundu, tangi laanza kula kutu. Kazi hii ya dakika tano huponya nusu ya maradhi ambayo watu huyaita ya umeme.

Juu ya kabureta kuna kiwambo cha mpira kinachoinua pistoni yake. Mpira huzeeka. Kitoe, ukiinue kwenye mwanga, ukinyoshe kidogo kwa vidole. Tundu dogo kama la sindano latosha kuifanya silinda moja ivivie huku nyingine ikivuta. Badili vyote viwili kwa pamoja, maana ni wa rika moja.

Kumbuka pia nchi yetu ilivyo. Mombasa iko kandokando ya bahari, Nairobi iko juu karibu mita 1,700, na Eldoret hupita mita 2,000. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, na petroli ile ile huwa nyingi kupita hewa yake. Plagi zikitoka nyeusi kwa masizi, usiseme mara moja kwamba ringi zimekwisha. Huenda ni mwinuko tu, au chujio la hewa limejaa vumbi.

BREKI NA MATAIRI

Mpaka hapa nimesema juu ya mambo ambayo yakikosewa mtu hulala njiani. Sasa nasema juu ya yale ambayo yakikosewa mtu huzikwa.

Mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani hata yakiwa ndani ya chupa yake. Mtu ashukapo mteremko mrefu, kama ule wa kwenda Bonde la Ufa, breki hupata moto, maji yale huchemka na kuwa mvuke, na mvuke husinyaa unapobanwa. Mpandaji hubana, na mkono wa breki hufika mwisho bila kusimamisha kitu. Kwa sababu hiyo mafuta hayo hubadiliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama pikipiki ilisimama tu nyumbani. Yakiwa rangi ya chai ya rangi, yamechelewa. Tumia chupa mpya iliyofungwa, ya namba iliyoandikwa juu ya kifuniko cha mashine. Katika BMW nyingi za miaka ya 1970 zenye breki ya sahani, pampu kuu imefichwa chini ya tangi. Huweza kuvuja kwa siri, kwa hiyo inua tangi utazame. Na mipira ya breki iliyodumu tangu kiwandani, hata kama kwa nje yang’aa, kwa ndani yaweza kuwa imevimba. Ibadilishwe.

Tairi nalo lina cheti chake cha kuzaliwa. Ubavuni, baada ya herufi DOT, soma tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hata likiwa na meno kama jipya, halifai kubeba mtu. Mpira hukauka. Mwenye kumpakia mkewe au mwanawe nyuma ya tairi la namna hiyo amewapakia juu ya bahati.

HATARI ZA UANI

Nyumba si karakana. Ina watoto, ina jiko. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji mpaka ufikie makaa. Kazi ya kabureta isifanywe karibu na jiko wala koroboi, na moto uwe umezimwa kabisa. Usitie petroli wala mafuta ya breki katika chupa ya soda, hata kwa dakika moja. Mtoto mwenye kiu hasomi. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake huua bila harufu ya kuonya. Usipulize vumbi la breki za zamani, maana nyingi zilikuwa na asbesto iharibuyo mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Na kabla hujafungua kifuniko cha mbele cha injini ya BMW hii, fungua kwanza waya wa betri upande wa hasi. Kifuniko hicho kikigusa waya za ndani, huunguza kifaa cha umeme ambacho bei yake itakutoa machozi.

KAZI ZA FUNDI

Sasa mpaka. Kutoa sanduku la gia, kufungua injini ya ndani, kukata viti vya vali, kunyosha fremu iliyopinda, hizo mwachie fundi mwenye vyombo vyake. Lakini mwachie kama mwenye mali ajuaye, si kama mgonjwa aliyelala. Nenda na daftari lako. Mwambie, “Bwana fundi, uwazi wa vali ya kulia umepungua mara tatu kwa kilometa hizi.” Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa umemwondolea nusu ya kazi, na yule asiye mwema ataona kwamba hapa hapana wa kuuziwa betri ya nne. Kama fundi ni kijana, mpe kitabu akisome, umwache atazame unapopima. Kesho ndiye atakayezitunza mashine hizi wakati mikono yetu itakapokuwa ikitetemeka.

Wengine wataniambia kwamba vyote hivi ni kazi bure kwa kitu cha zamani, na kwamba ni afadhali kununua kipya. Mwenye fedha na anunue. Lakini kipya nacho kitazeeka, na mtu ambaye hakujifunza kutunza cha kwanza atakizika cha pili upesi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwamba asiyetazama ufa kwa macho yake mwenyewe huuziwa ukuta ambao hakuuhitaji.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kufunga mizigo: uzito gani utangulie mbele, upi ukae chini, na kwa nini debe moja la asali lililofungwa vibaya huweza kumwangusha mpandaji hodari. Wakati huo, atakayekuwa na pikipiki yake na afungue ufunguo leo jioni aitazame ile taa nyekundu.